SHAMBA NA MKULIMA: Hesabu ya Potasiamu Udongoni

Mvua za masika zikaribiapo, wakulima wengi wa Asembo Bay, kando ya Ziwa Victoria, hutoa fedha kununua mbolea: DAP wakati wa kupanda, na CAN mahindi yafikapo kimo cha goti. Mbolea hizo ni njema. Lakini yafaa ijulikane kwamba ya kwanza ina naitrojeni na fosfori, na ya pili ina naitrojeni na chokaa. Katika hizo mbili hamna potasiamu. Azitiaye peke yake mwaka baada ya mwaka huvuna zaidi, na kila mavuno huondoka na potasiamu isiyorudishwa.

Kirutubisho hicho huuwezesha mmea kutumia maji kwa kiasi na kusimama imara. Kikipungua, majani ya chini ya mahindi huwa manjano ukingoni, kisha hukauka, na mabua huanguka upepo uvumapo. Aghalabu mwenye shamba hulaumu jua.

Wengine hudhani kwamba udongo ama una potasiamu ama hauna. Sivyo. Zaidi ya sehemu 90 katika kila 100 za potasiamu ya udongo zimefungwa ndani ya madini, kama fedha iliyo katika sanduku lisilo na ufunguo. Mmea hula ile chache iliyoyeyuka majini, au iliyoshikwa juu juu na chembe za mfinyanzi na mboji. Hiyo chache ndiyo ipimwayo. Njia moja iliyozoeleka ni hii: udongo hukaushwa, huchekechwa, kisha hutikiswa katika maji yenye asetati ya amonia, ambayo huing'oa potasiamu mahali iliposhikwa. Maji hayo huchujwa na kunyunyizwa katika mwali wa moto. Potasiamu huutia mwali rangi ya zambarau, na chombo hupima nguvu ya nuru hiyo.

Hata hivyo, kipimo hakiwezi kuwa cha kweli kuliko udongo uliopelekwa. Shamba moja si udongo mmoja. Upande ulio karibu na nyumba hupata majivu ya jikoni na samadi. Upande wa mbali hupata jembe tu. Mahame, ambayo Wajaluo huyaita gunda, huwa na rutuba iliyoachwa na watu na mifugo ya zamani. Mtu akichota udongo hapo peke yake na kuupeleka maabara ya Kabete, ataambiwa potasiamu yatosha, hali nusu ya shamba lake ina njaa.

Kwa hiyo shamba ligawanywe kwanza kwa aina ya udongo na kwa matumizi yake. Katika kila sehemu udongo uchukuliwe mahali 15 au zaidi, kwa kwenda upande huu na huu, hadi kina cha sentimeta 20. Uchanganywe vema katika ndoo safi. Nusu kilo itiwe mfukoni na jina la sehemu liandikwe. Vichuguu, jaa la majivu na mahali pa zizi la zamani viepukwe.

Jibu likionyesha upungufu, tiba haianzii dukani. Sehemu kubwa ya potasiamu ya mahindi imo katika mabua na majani, si katika punje. Auzaye mabua huuza na potasiamu yake. Ng'ombe wakiyala, nyingi hutoka katika mkojo. Basi zizini patandikwe majani makavu yaunyonye, nayo yarudishwe shambani. Majivu nayo yatawanywe kwa kiasi mahali palipopungukiwa, si kumwagwa kila siku nyuma ya jiko. Palipopungua sana, inunuliwe mbolea yenye potasiamu, kwa sehemu ile iihitajiyo tu.

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Hakuna karani afungaye hesabu za mwaka kwa kutazama sanduku kwa nje. Udongo nao ni mali, na watakaoirithi ni watoto.