Mambo ya Nyumbani: Mbwa anayelia tukitoka



Mwezi uliopita, siku ya nne, tulipomaliza kuhesabu likelemba, mama mwenzetu mmoja alibaki amekaa. Yeye anauza sambaza pale soko la Kadutu. Nilidhani ana shida ya pesa. Akaniambia: «Mama, ni mbwa. Mwenye nyumba amenipa mpaka mwisho wa mwezi. Ama mbwa atoke, ama tutoke sisi wote.»

Najua wengine watacheka. Tuna minervali ya watoto, tuna makala, tuna maji ya kutafuta, na sasa mbwa? Sikilizeni kwanza.

Mbwa mwenyewe ni mdogo, unaweza kumbeba kwa mkono mmoja. Jina lake Bobi. Alikuwa wa nyanya wa ile nyumba. Miaka minne walishinda pamoja: nyanya akichambua maharagwe, Bobi amelala juu ya miguu yake. Kisha nyanya akafariki. Tangu hapo mama anatoka alfajiri kwenda sokoni, watoto wanaenda masomoni, na Bobi anabaki peke yake kwa mara ya kwanza katika maisha yake. Mlango ukifungwa tu, analia. Anakwaruza mbao mpaka makucha yanatoka damu. Anakojoa juu ya mkeka, naye anajua vizuri kwamba haja ni nje. Jirani ana mtoto mchanga, hawezi kumlaza. Na mtoto wa mwisho wa mama huyu, wa miaka nane, alimwambia mama yake: «Nyanya amekwenda. Bobi naye munamufukuza?»

Basi si habari ya mbwa peke yake.

Nilimuuliza mama alifanya nini mpaka sasa. Akasema: «Nikirudi na kukuta uchafu, ninamchapa. Anajua kosa, maana anainamisha kichwa.» Hapa wengi wetu tunakosea. Mbwa hakumbuki kwamba anapigwa kwa ajili ya mkojo wa saa tatu zilizopita. Anaona uso wako na fimbo yako, anaogopa, ndiyo maana anainama. Kesho yake anaogopa mara mbili: anaogopa ukitoka, anaogopa ukirudi. Bobi hakufanya kiburi wala kisasi. Alishikwa na hofu, kama mtoto aliyepotea sokoni.

Utajuaje kwamba ni hofu hiyo? Mara nyingi inaanza mara tu mnapotoka, au dakika chache baadaye, na watu wakiwa nyumbani mbwa ametulia. Mwombe jirani asikilize, akuambie kilio kilianza wakati gani. Lakini kama anakojoa hovyo hata mkiwa pale, inaweza kuwa ugonjwa wa mwili, na heri kumwona munganga wa wanyama kwanza.

Haya ndiyo tuliyoanza kufanya pamoja.

Kwanza, tuliacha fimbo. Uchafu unapanguswa, basi.

Pili, tulimtafutia mtu wa kukaa naye. Mbwa hawezi kujifunza kutulia kama kila siku anaachwa saa nane akilia. Mazoezi ya jioni yanaharibika asubuhi. Nyumba ya tatu kuna mama mzee ambaye hatoki sana. Alikubali kumpokea Bobi asubuhi, na mama anamletea kopo la sambaza mara kwa mara. Sisi tunalindiana watoto kila siku. Hata hili linawezekana.

Tatu, tulimzoeza dalili za kutoka. Bobi alikuwa anaanza kutetemeka mama akifunga kikwembe cha safari na kushika funguo. Basi jioni mama alifunga kikwembe, akashika funguo, kisha akakaa chini kumenya viazi. Baadaye tena, na tena. Siku ya tano Bobi hakuinua hata kichwa.

Nne, mlango. Toka, funga, hesabu mpaka tano, rudi kabla hajalia. Kisha mpaka kumi. Kisha nusu dakika, dakika moja, mbili. Siku nyingine rudisha muda uwe mfupi, asizoee kwamba kila mara ni mrefu zaidi. Akilia, umeruka hatua. Siku nyingine anza chini kidogo. Watoto walipenda sana kazi hii, maana wao ndio waliohesabu.

Tano, tembeeni naye kabla ya kutoka, hata robo saa, achoke kidogo. Kisha mwachie kazi: vipande vya bugali baridi na sambaza chache, vifiche ndani ya karatoni lenye matambara, atafute kwa pua. Msitie chumvi wala kitunguu. Kitunguu ni sumu kwa mbwa. Msimpe mifupa iliyopikwa, hasa ya kuku, inapasuka na kuchoma matumbo. Kama unarudi na kukuta chakula hakikuguswa, ujue hofu bado ni kubwa.

Sita, mtoke kimya, mrudi kimya. Kumkumbatia na kumwambia «pole, pole» pale mlangoni kunaweza kumzidishia wasiwasi. Ukirudi, weka beseni chini, subiri atulie, halafu umsalimie.

Mama aliweka pia kikwembe kimoja cha zamani cha nyanya mahali pa kulala pa Bobi. Harufu ya mtu anayemjua inaweza kumtuliza mbwa. Nadhani iliwatuliza na watoto.

Mambo matatu ya kuepuka. Usimfunge kwa kamba fupi wala kumfungia ndani ya sanduku ili asikwaruze. Mwenye hofu atajiumiza zaidi. Usimpe vidonge vya watu vya usingizi wala pombe. Dawa ziko, lakini ni munganga wa wanyama anayezipima. Na usikimbilie kununua mbwa wa pili. Bobi alikosa mtu, na mbwa mwingine mara nyingi hajazi pengo hilo.

Neno moja la lazima: mbwa mwenye hofu anaweza kuvunja mlango na kutorokea barabarani, na huko anaweza kuumwa na mbwa mwenye kichaa. Basi Bobi alichanjwa, na chanjo inafanywa upya kwa wakati wake. Mtoto akiumwa na mbwa yeyote, osheni kidonda kwa maji mengi na sabuni dakika 15, na mwende kituo cha afya siku ile ile. Kichaa cha mbwa kikishaanza kuonekana kwa mtu, karibu hakuna anayepona. Tusingoje.

Je, Bobi amepona? Bado. Wiki ya kwanza alifika dakika nne. Wiki ya pili mvua kubwa ilinyesha na radi, tukarudi dakika moja. Mama alitaka kuacha. Leo anakaa saa mbili peke yake bila kulia, na saa nyingine yuko kwa mama mzee, ambaye sasa anasema mbwa ni wake nusu.

Mwisho wa mwezi mwenye nyumba alikuja kuchukua kodi. Alisimama uani, akasikiliza, akauliza: «Yule mbwa mulimuuza?»

Bobi alikuwa amelala juu ya kikwembe, nyuma ya mlango. Mtoto ndiye aliyejibu: «Hapana, papa. Anajifunza.»

Mwenye nyumba alihesabu pesa zake, akaenda. Neno la kutoka hakulirudia.

Mama wapendwa, tuonane juma lijalo.