Liva Fupi Haiongezi Mbio

Pita gereji yoyote ya Mkonze, hapa Dodoma, Jumamosi jioni, hutakosa kuisikia kauli hii: funga liva fupi, gari litachomoka. Kijana ana Toyota Altezza ya manyuali, kaagiza liva ya gia mtandaoni, imemfikia na kirungu chake cha alumini kinachong'aa, na sasa anatamba kwamba gari lake ni la mashindano. Anadhani amenunua mbio. Amenunua kirungu.

Liva fupi haigusi injini, wala haibadilishi uwiano wa gia hata moja. Inachopunguza ni safari ya mkono tu, tena kwa malipo: ukiikata safari hiyo kwa theluthi moja, nguvu ya kusukuma inapanda kwa nusu. Altezza RS200 ilitoka kiwandani na farasi 210 na gia sita. Funga liva ya bei yoyote, farasi ni wale wale, ikiwa bado wapo wote baada ya miaka zaidi ya 20.

“Mbona mimi nimeona tofauti?” Swali la haki, na jibu lake liko chini ya ule mpira wa liva. Mwambie fundi aufungue. Kwenye magari mengi yaliyozeeka utakuta mpira umechanika, vumbi jekundu la Dodoma limeingia na kugandana na grisi, na bushi iliyokuwa duara imelika upande mmoja hadi imekuwa kama yai. Hapo ndipo liva inapopata kucheza kama mwiko kwenye sufuria tupu. Sasa liva mpya mara nyingi huja na bushi zake mpya, kijana anafungiwa vyote kwa pamoja, gia zinaingia vizuri, naye anausifu ufupi. Kazi imefanywa na bushi! Angefunga bushi mpya kwenye liva yake ya zamani, angepata sehemu kubwa ya raha hiyo kwa hela kidogo, na nyingine ingebaki ya mafuta.

Kinachoniudhi zaidi ni hasara isiyoonekana. Ndani ya giaboksi kuna vipete vya shaba vinavyosawazisha mizunguko kabla meno hayajaumana. Vipete hivyo vinahitaji muda, mfupi sana, lakini vinauhitaji. Mwenye liva fupi anajiona bingwa, anapigilia gia ya pili kabla klachi haijaachia sawasawa, na vipete vinalika. Baada ya muda gia inakwaruza, lawama anapewa fundi. Wenye Subaru Impreza za zamani za gia tano ndio wawe waangalifu zaidi, maana giaboksi zile zina sifa ya kuvunjika meno hata bila kuchokozwa.

Wapenda mashindano wamsome dereva Joginder Singh. Mwaka 1965 yeye na ndugu yake Jaswant walishinda mbio za magari za Safari, enzi zile zikipita Kenya, Uganda na Tanzania, kwa Volvo PV544 iliyokwisha kutumika kwenye mashindano mengine. Liva ya gari lile ilikuwa fimbo ndefu, kama ya kuchungia mbuzi. Walishinda kwa kulitunza gari.

Sikatai kwamba kwenye uwanja wa mbio, gari likiwa zima kila mahali, liva fupi ina utamu wake. Lakini sisi tunaendesha mtaani, kikomo ni kilomita 50 kwa saa, mbuzi wanakatiza barabara na trafiki kashika tochi. Sehemu ya sekunde unayookoa pale utaipeleka wapi?

Basi, kijana wangu, kabla hujatuma hela ng'ambo, mwambie fundi akague bushi, mpira wa liva, klachi na oili ya gia, na oili iwe ya daraja lililoandikwa kwenye kitabu cha gari. Vikiwa vizima vyote na bado unataka kirungu kinachong'aa, kinunue kama pambo, wala usituambie gari limeongezeka mbio.