Eti ni mambo ya wazungu

Ilikuwa kwenye matanga katika mtaa wa Saio, mjini Bunia, mkoani Ituri, na mhubiri alikuwa amemaliza habari za marehemu mapema kuliko alivyostahili marehemu. Akahamia kwa Wayahudi. Mungu aliwakasirikia kwa kumsulubisha Mwanawe, akasema, ndipo Hitler akatumwa; na kwa vyovyote yale yalikuwa mambo ya wazungu wenyewe kwa wenyewe, sisi hayatuhusu. Watu wakaitika amina. Mwandishi wa safu hii, aliyeketi nyuma karibu na sufuria za chai, aliimeza amina yake.

Kauli ya kwanza haihitaji wino mwingi. Yesu alikuwa Myahudi, mama yake Myahudi, Petro Myahudi, na msalaba ulikuwa adhabu ya Warumi. Mbona hasikiki mhubiri akiwalaani Waitaliano?

Ya pili ndiyo inayokera, kwa kuwa husemwa na kila mtu, kuanzia motari kituoni hadi mwalimu wa historia. Na kuisema Saio, kati ya mitaa yote! Saio ni jina la zamani la mji wa magharibi mwa Ethiopia. Huko, Julai 1941, askari wa Force Publique waliotoka Kongo na kuvuka Sudan waliwalazimisha Waitaliano, marafiki wa Hitler, kusalimu amri. Watu wanalala na kuamka ndani ya jina la vita ile, kisha wanaambiwa haiwahusu.

Halafu yupo Bayume Mohamed Husen. Alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904, na Vita Kuu ya Kwanza ilimkuta jeshini kwa Wajerumani, mtoto wa miaka kumi, pamoja na baba yake. Bunia haihitaji kuelezwa maana ya mtoto jeshini; Thomas Lubanga, kiongozi wa wapiganaji wa Ituri, alihukumiwa The Hague mwaka 2012 kwa jambo hilo hilo. Mwaka 1929 Husen alifika Berlin kudai mshahara wa vita ambao yeye na baba yake hawakulipwa. Akanyimwa. (Walimu wa Ituri wanaosubiri mishahara yao watamwelewa upesi.) Akabaki huko, akawa mhudumu wa mkahawa, mwigizaji wa sehemu ndogondogo katika filamu, na mwalimu wa Kiswahili chuo kikuu. Sheria za Nuremberg za 1935 ziliandikwa dhidi ya Wayahudi, lakini kabla mwaka haujaisha zilikuwa zimekwisha kuwafikia watu weusi pia. Mwaka 1941 Gestapo, polisi wa siri wa Hitler, ikamkamata Husen kwa uhusiano na mwanamke mzungu, kosa lililoitwa kuichafua mbari. Bila kesi wala hakimu alipelekwa Sachsenhausen, kambi iliyo kaskazini ya Berlin, akafia humo tarehe 24 Novemba 1944.

Lugha aliyoitumia mhubiri wa Saio ilikuwa ndani ya kambi ile, kinywani mwa mwalimu wake.

Neno kambi lenyewe ni tatizo. Mama mmoja aliyekimbia kutoka Djugu aliuliza pale matangani, kwa upole kabisa, ni nani aliyekuwa akiwagawia Wayahudi chakula. Bunia, kambi ni shitingi, foleni ya maji na kikombe cha maharagi. Ni mahali anapokimbilia mtu ili asife. Kambi ya Dachau ilifunguliwa Machi 1933 kwa kumfungia mtu, na ile ya Auschwitz ikafika hatua ya kumpokea mtoto kutoka kwenye treni na kumuua siku hiyo hiyo kwa gesi. Wayahudi milioni 6 waliuawa, kambini, katika mageto na kwa risasi kando ya mashimo. Mhubiri mwenye maikrofoni angeweza kumjibu yule mama. Alikuwa akitafuta chaji ya simu yake.

Kijana mmoja mwenye simu mbili aliingilia kati: picha za kambi zile zilitengenezwa na Wayahudi wenyewe. Huyu ndiye anayeamini kila sauti iliyosambazwa kwenye WhatsApp kuhusu wezi wa sehemu za siri, lakini orodha za wafungwa zilizopigwa mhuri na Wajerumani wenyewe anaziona za kutungwa. Aachwe na simu zake.

Wayahudi walikuwapo Cologne tayari mwaka 321, karne nyingi kabla Ujerumani haijawa nchi. Bado wakaitwa wageni. Na Ituri? Mwaka 1863 Mwingereza John Speke alichapisha kitabu akidai kwamba wafugaji wa Kihima, jamaa za Wahema wa Ituri, walitoka Ethiopia, ati damu bora kuliko majirani zao. Ubelgiji ikaipenda hadithi hiyo. Leo mtu asiyewahi kulisikia jina la Speke humwambia Mhema arudi kwao Ethiopia, na mwingine huitumia hadithi ile ile kumdharau Mlendu, kana kwamba wote wawili walirithi maneno hayo kwa mababu. Usiku wa tarehe 1 Februari 2022, katika kambi ya Plaine Savo, wakimbizi karibu 60 waliuawa kwa mapanga na risasi chini ya shitingi zao. Wengi wao walikuwa Wahema. Haya nayo ni mambo ya wazungu?

Mhubiri alifunga kwa kuiombea Ituri amani, kisha akatangaza mchango wa spika mpya, maana zile za zamani, alisema, hazifiki hadi sokoni.