Toa Tu, Haina Kazi

Gari kula mafuta ni ugonjwa. Mchanganyiko wa petroli kuzidi hewa ni sababu mojawapo tu ya ugonjwa huo. Breki zinazoshika, matairi yenye upepo mdogo na mguu mzito wa dereva navyo humaliza tanki, na hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachotibika kwa sensa mpya. Hata hivyo, wiki hii pikapu moja kuukuu ya Hilux, yenye injini ya 22R-E ya sentimita za ujazo 2,366, imetoka gereji moja ya Dar es Salaam ikiwa na sensa mbili mpya, bili ndefu na ulevi wake uleule: lita moja kwa kilomita 6.

Fundi aliyeishika ni wa ukoo ninaouita Toa-Tu-Haina-Kazi. Ndio hao wanaotoa masega ya kusafisha moshi kwenye ekzosi ili gari "lipumue". Orodha yao ya vitu visivyo na kazi hurefuka kila mwaka, na ajabu ni kwamba Wajapani walivifunga vyote bila kujua.

Kipimo cha kwanza cha tatizo hili hakihitaji spana. Tanki hujazwa mpaka pampu ikate, gari hutembezwa walau kilomita 200, kisha hujazwa tena kituo kilekile. Kilomita zikagawanywa kwa lita. Mshale wa geji si ushahidi, wala malalamiko ya mwenye gari. Na gari likivishwa matairi makubwa ya kuvimbia mtaani, mita ya kilomita husoma pungufu, likasingiziwa ulevi lisiokuwa nao. Pikapu hii ilikuwa na matairi yake ya kawaida. Ilikuwa inakunywa kweli.

Kinachofuata ni plagi. Plagi yenye afya hutoka na rangi ya kahawia hafifu, kama chai ya maziwa. Hizi nne zilitoka nyeusi tii, kavu, zina masizi ya kufutika kwa kidole gumba kama yale ya chungu cha kuni. Masizi makavu ni ya petroli isiyoungua vizuri. Ingekuwa oili, plagi zingelowa na kuteleza. Kijiti cha kupimia oili nacho kilinuka petroli. Zote nne kufanana ni jambo la kuzingatia, kwa sababu nozeli moja inayovuja huchafua plagi yake peke yake. Kosa linalochafua zote hutoka mahali ambapo silinda zote zinakula chungu kimoja: presha ya mafuta, kipimo cha hewa, au joto.

Hapo ndipo gereji iliporuka swali la bei rahisi kuliko yote: je, injini inapata moto? Mshale wa joto wa pikapu hii uliamka kidogo kwenye foleni ya Ubungo, kisha ukalala karibu na C kutoka Kimara mpaka Mlandizi. Injini iliyo sawa hupandisha mshale mpaka karibu na katikati na kuuacha hapo, foleni iwe foleni, barabara kuu iwe barabara kuu. Mpira wa juu wa rejeta ulimaliza ubishi. Injini baridi inapowashwa asubuhi, mpira huo hukaa baridi dakika kadhaa, kisha hupata moto ghafla themostati, mlango wa maji ya kwenda kwenye rejeta, inapofunguka. Huu ulianza kuwa vuguvugu pole pole tangu mwanzo. Boliti zikafunguliwa, na pale pa themostati hapakuwa na kitu ila silikoni iliyopakwa kwa ukarimu.

"Nchi hii ya joto, mzee," fundi alimwambia mwenye gari. "Hiyo nilitoa zamani, haina kazi." Chini ya meza yake kulikuwa na kopo la maziwa ya unga lililojaa themostati za magari ya watu.

Joto la mchana la Dar es Salaam ni nyuzi 32 hivi. Themostati ya injini ya namna hii huanza kufunguka kwenye nyuzi 82 au 88, na namba hiyo imegongwa juu yake. Kati ya 32 na 82 kuna nyuzi 50 ambazo jua la Kariakoo haliwezi kuzijaza. Injini ikiwa baridi, sehemu ya petroli hung'ang'ania kwenye kuta za njia ya hewa badala ya kugeuka mvuke, kwa hiyo kompyuta huongeza mafuta kwa makusudi, mbali na kiwango cha kawaida cha gramu 14.7 za hewa kwa gramu 1 ya petroli. Habari ya baridi huletwa na sensa ya joto la maji: ohm 2,000 hadi 3,000 maji yakiwa na nyuzi 20, ohm 200 hadi 400 yakifika 80. Sensa ya pikapu hii ilisema kweli tupu. Taa ya injini haikuwaka kwa sababu kodi ya hitilafu ya sensa hiyo, namba 22, huandikwa waya unapokatika au kugusana, si injini inapokuwa baridi kweli. Sensa ya oksijeni nayo ilibadilishwa bure, maana kompyuta haiisikilizi kabla maji hayajapata joto.

Themostati hutolewa mara nyingi gari likiwahi kuchemsha. Rejeta imezibwa na maji ya kisima, feni imechoka, lakini kuzibua rejeta ni kazi na kutoa themostati ni dakika 20. Baadaye petroli ya ziada huosha oili kwenye kuta za silinda, ringi hulika, na fundi yuleyule hutangaza kwamba injini imekufa.

Kama injini inapata moto na plagi bado nyeusi, ukaguzi huendelea. Mpira wa vakyumu wa regyuleta ya mafuta huchomolewa. Ukikutwa na petroli ndani, kiwambo kimepasuka. Nozeli ya tano, ile ya kuwashia injini baridi, huangaliwa kama inavuja. Kipimo cha hewa huangaliwa kama kifuniko chake cheusi kimewahi kubanduliwa na springi kulegezwa, ufundi mwingine wa ukoo uleule. Ekzosi iliyotoboka mbele ya sensa ya oksijeni huvuta hewa, sensa ikadhani mafuta ni machache, kompyuta ikaongeza. Ea klina chafu, inayolaumiwa sana, iliponza zaidi magari ya kabureta. Hapa hewa inapimwa, na kinachopungua zaidi ni nguvu.

Kwenye pikapu hii hayo yote hayakuhitajika. Rejeta ilizibuliwa Jumatano, themostati mpya ikafungwa Alhamisi, na Jumamosi hesabu ya tanki ikatoa kilomita 8 na nusu kwa lita. Sensa mbili mpya bado zimo, hazina ubaya. Zile za zamani, ambazo nazo hazikuwa na ubaya, fundi ameshaziuza.