Jaji Anapoitwa Tena Serikalini

Septemba 2012, mwandishi wa habari Daudi Mwangosi aliuawa kijijini Nyololo, Mufindi. Askari polisi alishtakiwa kwa mauaji, na Julai 2016 Mahakama Kuu mjini Iringa ikamtia hatiani kwa kuua bila kukusudia, ikamfunga miaka 15. Shauri lilipoanza, Mkurugenzi wa Mashtaka alikuwa Eliezer Feleshi. Lilipokwisha, alikuwa Biswalo Mganga. Wote wawili walitoka ofisi hiyo wakawa majaji wa Mahakama Kuu, Feleshi mwaka 2014 na Mganga 2021.

Safari hiyo ina faida. Aliyesoma majalada kwa miaka anajua yanapovuja: maelezo ya onyo yaliyochukuliwa nje ya muda, kielelezo kilichopita mikono mingi bila maandishi, fomu ya polisi ya matibabu, PF3, iliyojazwa nusunusu. Tena Ibara ya 59B ya Katiba inamtaka Mkurugenzi wa Mashtaka azingatie haki na kuzuia matumizi mabaya ya taratibu zake. Aliyeishika ibara hiyo sawasawa ameshaanza kufikiri kijaji.

Wanaopinga wanasema mazoea ya kushtaki hayavuliwi kama koti. Wana hoja. Mpaka Mahakama ya Rufani ilipobatilisha kifungu cha sheria kilichoruhusu hivyo mwaka 2018, hati ya Mkurugenzi wa Mashtaka peke yake ilitosha kumnyima mshtakiwa dhamana. Lakini dawa ipo: jaji ajitoe katika kila shauri lililopita ofisini kwake, na wakili wa serikali aliyezoea kusimama mahakamani Mbeya asianzie ujaji Mbeya. Kwenye kanda zenye majaji wachache, jaji akijitoa katikati ya shauri, jalada husubiri na mahabusu husubiri nalo. Heri kupanga mapema.

Tatizo kubwa ni safari ya kurudi. Mwaka 2018 Feleshi alikuwa Jaji Kiongozi, msimamizi wa Mahakama Kuu nzima. Mwaka 2021 akateuliwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Frederick Werema naye alitoka ujaji kwenda kiti hicho mwaka 2009. Hakuna sheria iliyovunjwa. Ila chukua mkulima wa Mbarali anayegombania na serikali shamba lililoangukia ndani ya mpaka wa Hifadhi ya Ruaha. Akifungua shauri Mahakama Kuu Mbeya, lazima amuunganishe Mwanasheria Mkuu kama mdaiwa. Jaji anayemsikiliza leo anaweza kesho kukalia kiti cha mdaiwa huyo.

Katiba inamkinga jaji na hofu: haondolewi kazini mpaka tume imchunguze. Haimkingi na matumaini ya cheo, na cheo cha Mwanasheria Mkuu hutolewa na Rais, ambaye pia hukitwaa apendapo. Jaji mwadilifu hatayumba, lakini aliyeshindwa kesi hana namna ya kulijua hilo.

Kwa hiyo waendesha mashtaka wazuri waendelee kuteuliwa kuwa majaji. Bunge liweke sharti moja: aliyekuwa jaji asishike wadhifa wa kisheria serikalini kabla ya miaka mitano kupita tangu aache ujaji. Nchi ina mawakili wa kutosha kuiwakilisha serikali bila kuwachukua kutoka mahakamani.