Kabla ya Kabro, Udongo
Kila nipitapo kati ya Ruiru na Thika naona kabro, yaani matofali ya zege ya kutandika njia, zimepangwa kando ya barabara kwa rangi zake, na wenye nyumba wakibishana kuhusu nyekundu na kijivu. Rangi si hoja. Sehemu nyingi za huku, hasa kuelekea Juja, zina udongo mweusi unaofura wakati wa mvua na kupasuka kiangazi. Ukilaza kabro juu yake, hata ziwe nzuri vipi, baada ya misimu michache njia ya gari itakuwa mawimbi matupu. Chimba udongo huo uutoe, jaza mawe na maramu, shindilia, kisha tandaza vumbi la kokoto. Pembeni weka ukingo wa zege, maana bila huo kabro huachana. Kwa gari dogo, kabro za unene wa milimita 60 zinatosha. Lori la maji likiingia kila wiki, nunua za 80. Mimi nachagua kabro kuliko lami au saruji ya kumwagwa: bomba likipasuka chini, fundi hung'oa chache na kuzirudisha. Mawe ya kujengea ya Ndarugo, fahari yetu, yaache ukutani. Ni laini mno kwa magurudumu.