Marehemu Wako Anastahili Mstari Wake

Ukifika Nyeri, pitia kaburi la Robert Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti aliyefariki mwaka wa 1941. Jiwe lake lina duara lenye nukta katikati. Kwa maskauti, alama hiyo humaanisha 'nimeenda nyumbani'. Basi! Ukiiona, unamjua mtu.

Sasa cheki makaburi yetu mengi: jina, tarehe ya kuzaliwa, tarehe ya kufa. Tunachanga pesa za hema, basi na chakula, lakini nani huuliza shosho alipenda kusema nini? Kwenye WhatsApp tunaandika 'pumzika kwa amani' na kusonga.

Mstari mmoja hauhitaji harambee. Keti na wazee wako wikendi hii, sikiza wanavyoongea, kisha uandike. Wajukuu watakaosimama kaburini wasikute tarehe pekee.